Mgeni Anapopewa Jembe

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Ruthu 2, 1 Samweli 20:24–27, Luka 19:1–10, Yohana 4:5–9, Matendo 6:1–6, 9:26–28, 11:19–26, 3 Yohana.

Fungu la kukariri: Warumi 15:7.

SABATO ALASIRI
*Benchi la nyuma*

Chukua mfano huu, ambao makanisa mengi yatautambua. Mama lishe mmoja, mwenye kibanda cha chakula karibu na stendi, alihudhuria mahubiri ya hadhara, na yalipokwisha akaanza kuja kanisani. Sabato ya kwanza aliombwa asimame pamoja na wageni wengine. Alitaja jina lake na mahali anapoishi. Kwaya iliimba wimbo wa kuwakaribisha, na waliokuwa benchi la mbele yake wakageuka kumpa mkono. Sabato ya pili shemasi wa mlangoni alimkumbuka, akamtafutia nafasi. Sabato ya tatu alipewa lesoni.

Baada ya hapo mambo yakatulia. Kila Sabato katibu wa darasa alijaza kadi. Washiriki waliwekewa alama kwenye majina yao. Wageni waliandikwa kwa idadi. Mama yule akawa mmoja wa "wageni 4", kisha mmoja wa "wageni 2". Siku ya chakula cha pamoja aliinuka kwenda kusaidia kupakua, akaambiwa kwa upole, "Hapana mama, wewe ni mgeni wetu. Kaa tu, utahudumiwa." Akaketi. Mikono inayolisha stendi nzima kwa juma ikakaa mapajani ikisubiri sahani.

Sabato ya Kumi na Tatu hakuja. Watoto waliimba, sadaka ikakusanywa, taarifa ya robo ikasomwa. Hakuna aliyeuliza habari zake. Si kwamba kuna mtu aliyemchukia. Ni kwamba hakuna kazi hata moja iliyolala kwa sababu yeye hayupo.

Swali la juma hili ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: kanisa humkaribisha mtu lini hasa? Ni pale linapompa kiti, au ni pale linapoanza kumhitaji?

JUMAPILI
*Siku ya tatu*

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mara nyingi methali hii hutajwa kwa utani, kana kwamba mwenyeji amechoka kulisha na sasa anataka fidia ya ugali wake. Lakini anayejua maisha ya kijijini anajua kwamba ina upande wa pili. Mgeni wa siku mbili hulala sebuleni, hula peke yake vilivyo bora, na hakuna anayemtuma kitu. Anaheshimiwa, lakini yuko nje. Siku anapopewa jembe na kwenda shambani na wengine, anajua kona za shamba, anasikia mazungumzo ya nyumba, anatumwa na anatuma. Jioni wanaporudi, hakuna anayemwita mgeni tena.

Soma Ruthu 2. Ruthu alifika Bethlehemu akiwa mjane, maskini na Mmoabi, mtu wa taifa ambalo torati ililiwekea mipaka mikali katika kusanyiko la Bwana (Kumbukumbu 23:3). Boazi angeweza kumpimia shayiri mlangoni na kumrudisha kwa Naomi. Hilo lingekuwa jambo la huruma, na watu wangelisifu. Badala yake alifanya mambo mawili kwa pamoja. Alimkaribisha kula pamoja na wavunaji wake, akamwambia achovye tonge lake katika siki (Ruthu 2:14). Kisha akamwacha arudi kazini, na kwa siri akawaagiza vijana wamwachie masuke njiani mwake (fungu la 16). Jioni Ruthu alipura alichookota, kikawa kama efa moja ya shayiri (fungu la 17). Alikwenda nyumbani akiwa amejitwika matunda ya kazi yake mwenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa sheria ya masazo katika Walawi 19:9, 10. Mwenye shamba hakuagizwa avune yote kisha agawe. Aliagizwa aache pembe za shamba, ili maskini na mgeni waingie wenyewe na kuvuna. Mungu alilinda tumbo la mgeni, na alilinda heshima yake pia. Mwishoni mwa habari Mmoabi yule anatajwa katika ukoo wa Daudi, na Mathayo anamtaja katika ukoo wa Kristo mwenyewe (Mathayo 1:5).

*Je, kanisani kwenu kuna "pembe za shamba" ambazo zimeachwa kwa makusudi ili mgeni apate cha kufanya? Zitaje.*

JUMATATU
*Barnaba aliyekwenda mara mbili*

Soma Matendo 9:26–28. Sauli alipofika Yerusalemu alijaribu kujiunga na wanafunzi, nao wote wakamwogopa. Hofu yao haikuwa ya kipuuzi. Mtu huyu alikuwa ameburuta wanaume na wanawake na kuwatia gerezani. Huenda katika chumba kile walikuwapo waliofiwa kwa sababu yake. Barnaba akamshika, akampeleka kwa mitume, akaeleza yaliyotokea njiani kwenda Dameski. Kwa maneno ya leo, alisimama akawa mdhamini wake.

Wengi huishia hapo wanapomsifu Barnaba. Lakini habari inaendelea. Sauli alipotafutiwa maisha, ndugu walimpeleka Kaisaria na kumsafirisha hadi Tarso (fungu la 30). Kwa muda Matendo haisemi neno juu yake. Alikuwa amekaribishwa, amesikilizwa, kisha akawa mbali.

Sasa soma Matendo 11:19–26. Kazi ya Antiokia ilikuwa imepanuka. Wayahudi na Wayunani walikuwa wanaamini pamoja, na Barnaba alikuwa ametumwa kuisimamia. Aliona kwamba kazi ile ilimhitaji mtu fulani. Akafunga safari kwenda Tarso kumtafuta Sauli. Alipomwona, akamleta Antiokia, na kwa mwaka mzima wakafundisha pamoja. Ni katika kanisa hilo, lenye watu waliotoka huku na huku, ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

Mara ya kwanza Barnaba alimpa Sauli mlango. Mara ya pili alimpa jembe. Tendo la kwanza lilihitaji ujasiri wa siku moja. La pili lilihitaji safari, kutafuta, na moyo wa kukubali kwamba huyu mgeni anaweza kufundisha vizuri kuliko mwenyeji. Makanisa mengi yana watu wa safari ya kwanza. Wa safari ya pili ni wachache, na kwa sababu hiyo kila mji una akina Sauli walioachwa Tarso.

Barnaba alifanya vilevile kwa Yohana Marko, kijana aliyeacha kazi njiani (Matendo 13:13, 15:37–39). Paulo hakukubali kumchukua tena. Barnaba alimchukua akaenda naye Kipro. Miaka baadaye Paulo, akiwa kifungoni, aliomba Marko aletwe kwake kwa kuwa anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Aliyeonekana hafai alipata kufaa kwa sababu mtu mmoja alimpa kazi kabla hajathibitisha kwamba anaistahili.

*Ni nani unayemfahamu aliyewahi kukaribishwa kanisani, kisha akarudi "Tarso"? Nani atakwenda kumtafuta, na kwa ajili ya kazi gani?*

JUMANNE
*Kabla hajawa safi?*

Hapa wengi watasimama na kuuliza, na wana haki ya kuuliza. Turudi kwa yule mama lishe. Hajabatizwa. Sababu inajulikana: kibanda chake hufunguliwa siku ya Sabato, kwa kuwa ndiyo siku stendi inapojaa abiria, naye ana kodi ya pango na watoto wa shule. Tuseme kina mama wa Dorkasi wanajadili kumwomba asaidie kupika siku ya Ijumaa, Siku ya Maandalio, kwa ajili ya chakula cha pamoja. Mmoja anasema, "Akipika chakula chetu Ijumaa na kesho sufuria zake ziko motoni stendi, si tutakuwa tumembariki katika kosa lake?" Mwingine anajibu, "Na asipopika, tutakuwa tumemfundisha nini kuhusu Sabato?"

Wote wawili wanalinda kitu cha thamani. Wa kwanza analinda utii. Kanisa lisilo na mpaka wowote haliwezi kumkaribisha mtu, kwa kuwa halina ndani. Paulo aliwaagiza Wakorintho wasicheze na dhambi iliyo wazi kati yao (1 Wakorintho 5). Wa pili anamlinda mtu. Anajua kwamba anayeambiwa asubiri nje mpaka awe safi atasubiri mpaka achoke.

Tazama jinsi Bwana alivyofanya. Soma Yohana 4:5–9. Mwanamke Msamaria alikuwa na maisha yenye mafundo mengi, na Yesu aliyajua yote. Angeweza kuanza na fundisho, au na karipio. Alianza kwa kuomba maji. Neno lake la kwanza kwa mwanamke yule lilikuwa ombi la msaada. Alijiweka katika hali ya kumhitaji. Mazungumzo juu ya waume watano yalikuja baadaye, na yalipokuja, mwanamke hakukimbia.

Soma pia Luka 19:1–10. Yesu hakumwambia Zakayo atubu ndipo aje nyumbani kwake. Alijialika. Alimpa mtoza ushuru kazi ya kuwa mwenyeji wa Masihi siku ile ile, huku umati ukinung'unika. Ahadi ya kurudisha mara nne ilitoka kinywani mwa Zakayo baada ya hapo. Neema ilimfikia ikiwa katika sura ya kazi ya kufanya.

Hata hivyo, Maandiko yanatofautisha majukumu. Timotheo alionywa asimwekee mtu mikono kwa haraka (1 Timotheo 5:22), na mwangalizi asiwe mtu aliyeongoka karibuni (3:6). Hekima ya kijijini inakubali: siku ya tatu mgeni hupewa jembe, hapewi funguo za ghala. Kuongoza kanisa, kufundisha kwa niaba yake na kutunza fedha zake ni funguo, na funguo zina wakati wake. Lakini kupika, kufagia, kupanga viti, kumtembelea mgonjwa, kumsomea mzee asiyeona vizuri, kuwashika watoto mikono wakati wa kuvuka barabara, hayo ni majembe. Kosa la makanisa mengi ni kuyafungia majembe ghalani pamoja na funguo.

*Katika kanisa lenu, ni kazi zipi ni "funguo" na zipi ni "majembe"? Je, kuna majembe ambayo mmeyafanya funguo bila sababu?*

JUMATANO
*Anayepaswa kusogea*

Soma waraka wa tatu wa Yohana. Ni mfupi, dakika tatu zinatosha. Ndani yake wamo watu wawili wa kulinganisha. Gayo anawapokea ndugu wanaosafiri, ingawa ni wageni kwake. Diotrefe hawapokei, anawazuia wanaotaka kuwapokea, na anawatoa katika kanisa. Yohana anataja chanzo cha shida kwa maneno machache katika fungu la 9. Hasemi kwamba Diotrefe alikuwa na mafundisho potofu. Anasema kwamba alipenda kuwa wa kwanza.

Mtu anaweza kuwa sahihi katika imani na akawa mwiba mlangoni. Mgeni akipewa kazi, lazima kuna mwenyeji atakayepunguza yake. Anayeongoza kwaya miaka ishirini atalazimika kusikia sauti mpya. Mama aliyezoea kushika mwiko mkuu atalazimika kuonja pilau lenye viungo vya mtu mwingine, na pengine kukiri kwamba ni tamu kuliko lake. Ndiyo maana kumpa mgeni kiti ni rahisi: kiti kinatoka stoo. Jembe hutoka mkononi mwa mtu.

Kanisa la kwanza lilipita katika jambo hili. Soma Matendo 6:1–6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume wangeweza kuwaagiza wagawaji wale wale waongeze uangalifu. Badala yake waliwaambia wanafunzi wachague watu saba. Angalia orodha ya fungu la 5: majina yote saba ni ya Kiyunani, na wa mwisho, Nikolao, alikuwa mwongofu kutoka Antiokia, mtu ambaye hakuzaliwa Myahudi kabisa. Upande uliolalamika kwamba unanyimwa ndio uliokabidhiwa kugawa. Fungu la 7 linaeleza matokeo: neno la Mungu likaenea na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana.

Historia ya Kanisa la Waadventista katika nchi hizi inafundisha jambo hilo hilo. Wamisionari wa kwanza Waadventista walipofika Upare mwaka 1903, na wengine walipoanzisha kazi Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906, wao ndio walikuwa wageni. Walihitaji kuonyeshwa njia na kufundishwa lugha na watu ambao bado hawakuwa wamebatizwa. Aliyefika Gendia pamoja na Arthur Carscallen alikuwa Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, naye akiwa mgeni mbali na kwao. Kanisa ambalo leo lina mlango wa kukaribisha liliwahi kubisha hodi.

*Je, ni kazi gani unayoishikilia kwa sababu kanisa linaihitaji, na ni ipi unayoishikilia kwa sababu wewe unaihitaji?*

ALHAMISI
*Mahali penye pengo*

Soma 1 Samweli 20:24–27. Mfalme Sauli aliketi kula, na mahali pa Daudi palikuwa patupu. Siku ya kwanza alinyamaza. Siku ya pili akauliza. Nia ya Sauli ilikuwa mbaya, lakini jambo moja katika habari hii linafaa kuangaliwa. Pengo lilionekana kwa sababu palikuwa na mahali pa Daudi. Mtu asiye na mahali hawezi kuacha pengo.

Ndiyo maana Paulo, katika 1 Wakorintho 12:21–22, haridhiki kusema kwamba viungo dhaifu vihurumiwe. Anasema vinahitajika zaidi. Jicho haliwezi kuuambia mkono kwamba halina haja nao. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwambia mtu, "Tunakupenda," na kumwambia, "Bila wewe hatutaweza." La kwanza laweza kusemwa kwa mgeni wa siku moja. La pili husemwa kwa ndugu.

Katika huduma ya unyenyekevu kabla ya Meza ya Bwana, kila anayeshiriki huosha na huoshwa. Petro alikuwa tayari kumwosha Bwana miguu wakati wowote. Kilichomshinda ni kuoshwa (Yohana 13:6–9). Wenyeji wengi wana ugonjwa wa Petro. Hupenda kuhudumia, lakini huona aibu kuhudumiwa na mtu wanayemwona yuko chini. Anayetoa siku zote bila kukubali kupokea humfanya mwenzake kuwa mgeni siku zote.

Basi mfano wetu na umalizike hivi. Jumapili baada ya Sabato ya Kumi na Tatu, mwalimu wa darasa, mama wa makamo, alikwenda stendi saa saba mchana. Aliketi kwenye benchi la kibanda, akaagiza wali na maharage, akala, akalipa. Hakuuliza, "Mbona umepotea?" Alisema, "Dada, wali wetu wa kanisani kila mara unaungua chini na juu ni mchele. Wewe unafanyaje ukipika sufuria kubwa?" Mama lishe alicheka. Alieleza kuhusu moto, maji na mkaa wa juu ya mfuniko. Kisha akasema, "Lakini nyie sufuria zenu ni nyembamba. Ijumaa nitakuja na yangu."

Ijumaa alikuja na sufuria yake, na kabla ya jua kuzama chakula kilikuwa tayari. Sabato hiyo alikuwapo kanisani. Kibanda chake kilikuwa wazi vilevile, kikiuzwa na binti aliyemwajiri. Jambo hilo halijaisha, mwalimu analijua, na mama mwenyewe analijua, kwa sababu siku hiyo ndiye aliyeuliza darasani, "Hivi mtu akifunga Sabato, anaanzaje?" Alikuwa amehudhuria Sabato kumi na mbili bila kuuliza swali hilo.

IJUMAA
*Jifunze zaidi*

Soma tena Warumi 14 na 15:1–7. Paulo aliandika kwa kanisa lenye watu waliotofautiana juu ya vyakula na siku, kila upande ukiuhukumu mwingine. Kipimo alichowapa ni jinsi Kristo alivyowapokea wao. Naye Kristo hakuwapokea wanafunzi wake ili wakae. Aliwaita wavuvi wakiwa bado na harufu ya samaki, akawapa kazi, akawarekebisha wakiwa njiani, na kwa habari ya Petro, akamkabidhi kondoo zake baada ya kumkana mara tatu (Yohana 21:15–17).

Kanisa linalokaribisha halipimwi kwa wimbo wa wageni. Lipimwe kwa swali hili: mtu aliyeingia mlangoni robo iliyopita, asipokuja Sabato ijayo, ni kazi gani italala?

Maswali ya kujadili

1. Hoja za kina mama wawili wa Dorkasi (Jumanne) zote zina uzito. Lisaidie darasa kutaja hatari ya kufuata hoja moja na kusahau nyingine.

2. Mwalimu wa darasa alianza kwa kuomba msaada badala ya kuuliza sababu ya kutokuja. Je, hiyo ni mbinu tu, au ni unyenyekevu wa kweli? Mtu anawezaje kujua tofauti ndani ya moyo wake mwenyewe?

3. Mshiriki aliyeondolewa katika ushirika anaendelea kuhudhuria kila Sabato. Je, kuna "jembe" anaoweza kupewa? Lipi, na nani azungumze naye?

4. Chukueni kadi ya darasa lenu. Kwa kila mgeni aliyeandikwa kwa idadi robo hii, andikeni jina lake. Kisha, mbele ya kila jina, andikeni jambo moja ambalo darasa linamhitaji alifanye. Majina yatakayokosekana, pangeni nani atakwenda kuyatafuta kabla ya Sabato ijayo.